Sura ya Nne: Jirani wa Safu, Mgeni wa Kazi

Ijumaa saa saba mchana, misikiti ya katikati ya Dar es Salaam hujaa mpaka watu wakatandika mikeka na maboksi barabarani. Kariakoo, Kisutu, Upanga, kote ni vivyo hivyo. Bega kwa bega wamesimama mhasibu wa benki, mwanasheria wa serikali, daktari aliyetoka zamu Muhimbili, mwalimu wa sekondari, na kijana aliyehitimu chuo mwaka jana ambaye bado anazunguka na bahasha. Imamu akishatoa salamu watu hupeana mikono, na haipiti robo saa wametawanyika, kila mmoja akiwahi daladala au mwendokasi arudi kazini. Huenda kijana yule amesali kando ya mtu ambaye, kwa dakika kumi tu, angemweleza namna usaili unavyoendeshwa katika ofisi aliyoomba kazi. Kijana hakumjua mtu huyo, wala mtu huyo hakujua kwamba jirani yake ana haja.

Mazungumzo kuhusu Waislamu wenye taaluma hapa kwetu mara nyingi huanzia mbali: shule za wamisionari, sera za wakoloni, idadi ya wanaochaguliwa kujiunga na vyuo. Mambo hayo yana uzito wake na yamekwisha andikiwa vitabu. Mimi nataka tuanzie kwenye ile hatua moja baina ya mtu na jirani yake wa safu, kwa sababu hiyo haingoji tamko la waziri wala msaada wa mfadhili. Inaweza kuvukwa Ijumaa ijayo, na wanaoweza kuivuka ni sisi wenyewe.

Tazama kijana anakutana na nini baada ya mahafali. Mhasibu hajawa mhasibu kamili mpaka afaulu mitihani ya NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mwenye shahada ya sheria hawezi kuwa wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Daktari anafanya mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya kupewa usajili kamili, na mhandisi naye anatakiwa kufanya kazi miaka kadhaa chini ya wahandisi waliosajiliwa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamkubali. Kila mlango una utaratibu wake, ada zake, tarehe zake za mwisho, na mambo mengine ambayo hayakuandikwa popote: masomo yapi ya mtihani yasichukuliwe kwa mkupuo mmoja, kampuni ipi hufundisha kweli wanaokuja kujifunza na ipi huwatuma kununua chai.

Mtoto wa mhasibu hukua akiyasikia hayo sebuleni kwao. Mtoto wa mkulima wa korosho wa Tandahimba, au wa mvuvi wa Kilwa Kivinje, ambaye ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho, hana wa kumuuliza. Wazazi wake walitoa walichokuwa nacho. Waliuza gunia, waliuza mbuzi, wakaomba dua usiku. Anachokosa sasa hakinunuliki kwa gunia. Ni maarifa ya njia, na maarifa ya njia hukaa kwa watu waliokwisha ipita. Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo vijana wetu wengi wanapopotelea, katika ile miaka miwili au mitatu baada ya chuo, na si darasani kama tunavyodhani.

Waislamu wanaijua habari ya Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipounganisha udugu baina ya Muhajirina waliotoka Makka mikono mitupu na Ansari waliowapokea. Abdulrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabi'i, mmoja wa matajiri wa mji. Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka katika mali hiyo, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Siku hiyo hiyo akarudi na jibini kavu na samli aliyoipata kwa biashara. Mawaidha mengi husimulia habari hii kusifu ukarimu wa Saad, na kwa haki. Lakini tazama pia kile mgeni alichokiomba. Abdulrahman alikuwa mfanyabiashara tangu Makka na biashara alikuwa akiijua. Kilichompungukia ni mwenyeji wa kumwelekeza. Mtandao wa wanataaluma katika mtaa au wilaya una kazi hiyo kwanza, kabla ya kuchanga hata shilingi.

Wala jambo hili si geni katika mji huu. Mwaka 1933 kundi la Waislamu wa Dar es Salaam liliunda Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Miongoni mwao alikuwepo Kleist Sykes, karani wa reli, ambaye mwaka 1929 alikuwa mmoja wa waasisi wa African Association. Ukarani wa reli wakati ule ndio ulikuwa utaalamu: kusoma, kuandika, kutunza hesabu, kujibizana na serikali kwa barua. Watu wale walitumia ujuzi wa ofisini kujenga shule ambamo watoto walisoma Kurani pamoja na masomo ya dunia. Mweka hazina wao alikuwa Idd Faiz Mafongo, na miaka ya 1950, wakati TANU inatafuta fedha za kumpeleka Julius Nyerere Umoja wa Mataifa mwaka 1955, huyo huyo ndiye aliyeaminiwa kukusanya michango. Nikiisoma habari hiyo huwa naona kwamba chama cha siasa hakikuzalisha uaminifu ule. Kiliukuta umekwisha pikwa kwenye jumuiya ndogo ambamo watu walikuwa wakisomeana hesabu na kuzikana.

Jamii nyingine za Kiislamu za mji huu zilipita njia yao. Agosti 1946 Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, alipimwa uzito kwa almasi hapa Dar es Salaam katika sherehe za miaka 60 ya uimamu wake, na fedha zilizotokana na sherehe zile zikawa mtaji wa shirika la kukopesha Waismailia fedha za nyumba na biashara. Watu wanaikumbuka mizani, ila mikopo ndiyo iliyobadilisha maisha ya familia. Mwaka mmoja kabla yake, 1945, Aga Khan huyo huyo alikuwa ameanzisha East African Muslim Welfare Society, jumuiya iliyojenga misikiti na shule Kenya, Uganda na Tanganyika. Desemba 1968 jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa. Kwa nini na kwa faida ya nani, mjadala wake haujaisha hata leo, nami sitaumaliza hapa. Ninachokichukua ni kwamba chombo kikubwa chenye makao makuu kinaweza kufungwa kwa saini moja, lakini watu kumi na wawili wa Temeke wanaojuana kazi zao na wanaodaiana ahadi hawana ofisi ya kufungwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na wachache, na mahali pamoja. Tuna vyama vya kitaifa vya wanataaluma Waislamu, TAMPRO ikiwemo, na tuna Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro tangu 2005, na vyote vinastahili kuungwa mkono. Lakini kijana wa Mbagala hawezi kuipigia simu taasisi ya taifa saa mbili usiku kuuliza kesho kwenye usaili avae nini. Anaweza kumpigia mtu wa Mbagala.

Wachache hao waanze na daftari. Misikiti mingi ina daftari la michango ya ujenzi na daftari la misiba, lakini ni nadra kukuta lenye habari za kazi za waumini wake. Liandikwe jina, kazi, mahali anapofanyia, jambo moja analoweza kumsaidia mwenzake, na saa ambazo yuko tayari kupokea simu. Jambo moja tu, na liwe dogo na la hakika. "Nitasoma barua za maombi ya kazi, mbili kwa mwezi." "Nitamweleza mtu taratibu za kusajili kampuni BRELA." "Nitamkaribisha mwanafunzi mmoja ofisini kwetu aone kazi inavyofanywa, mwajiri akiridhia." Mtu akiandika kwamba atasaidia kwa lolote, mrudishieni kalamu kwa heshima. Aliyeahidi lolote hakamatiki kwa chochote.

Daftari hilo litunzwe na mtu mwenye siri, kwa sababu humo mna namba za simu na habari za ofisi za watu. Lisipigwe picha likarushwa. Najua wepesi wa kufungua kundi la WhatsApp, kuingiza watu mia mbili na kuona kwamba mtandao umezaliwa. Baada ya mwezi mmoja kundi limejaa dua za asubuhi, matangazo ya viwanja vya Kigamboni na ubishi wa mwezi mwandamo, na yule mwenye swali la NBAA aliuliza mara moja, swali likazama, hakuuliza tena. Kundi la simu lifuate baada ya watu kukaa chini na kujuana, na liwe na mtu wa kuhakikisha kila swali la kazi limepata jibu au limepelekwa kwa anayelijua.

Nimetaja mwezi mwandamo kwa makusudi. Katika vikao vya mtandao huu kutakuwa na mtu wa tarika, mtu wa Ansar Sunna, pengine Mshia, na kila mmoja atakuwa na msikiti wake na shehe wake. Mtandao wa kazi si mahali pa kuamua nani yuko sahihi juu ya maulidi. Wakubaliane mapema, na waandike, kwamba hayo hayazungumzwi humo. Jumuiya nzuri kadhaa zimevunjika kwa hoja ambazo hazikuhusiana kabisa na sababu ya kuundwa kwake, na waliobaki wanatafuta kazi ndio waliopata hasara.

Fedha zinakuja baadaye, na zikija zije kwa adabu. Mfanyakazi mpya aliyesomeshwa kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulipa deni la Bodi ya Mikopo. Mshahara wa kwanza wenyewe huchelewa, na kabla haujafika anatakiwa awe na chumba, nauli na nguo za kazini. Hapo ndipo wengi huangukia mikopo ya haraka ya simu na ya mitaani, yenye riba ambayo dini yao inaikataza na ambayo mfuko wao hauiwezi. Mfuko mdogo wa mkopo mwema, kardhi hasana, unaweza kumvusha mtu miezi miwili ya mwanzo. Arudishe kile kile alichochukua, bila nyongeza, kwa tarehe iliyoandikwa.

Iandikwe kweli. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Bakara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni namna tunavyoona haya kumwandikisha ndugu yetu, kana kwamba karatasi inamtukana. Karatasi inamlinda. Inamlinda mkopaji asidaiwe zaidi, mkopeshaji asisahauliwe, na udugu wenyewe usigeuke uhasama. Mfuko uwe na watia saini watatu, uwekwe benki, na anayeepuka riba leo ana pa kwenda, kwani Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 na benki nyingine kadhaa zina madirisha yasiyo na riba. Zaka isichanganywe na mkopo. Zaka ina makundi yake manane ya watu yaliyotajwa, wakiwemo waliolemewa na madeni, na mwanachama aliyezama kabisa anaweza kustahili kupewa. Lakini hilo aamue mjuzi wa fikihi, si mweka hazina. Na kila baada ya miezi mitatu hesabu isomwe mbele ya wote, hata kama kilichoingia ni elfu arobaini.

Kuna jambo la mahali pa kazi ambalo watu hulibeba peke yao na halikustahili kubebwa hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini. Sheria hiyo inampa pia anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Wengi hawajui, na wanaojua huogopa kuonekana wakorofi, kwa hiyo mtu anatoroka Ijumaa kama mwizi, au anaacha sala na moyo wake unauma. Mwanasheria mmoja katika daftari anatosha kubadilisha hali. Anamsaidia mwenzake kuandika barua ya nusu ukurasa, yenye heshima, inayoomba mapumziko ya Ijumaa yasogezwe yaangukie saa saba na kueleza kazi ya muda ule italipwa lini. Waajiri wengi, wakipewa ombi lililo wazi pamoja na njia ya kulitekeleza, hukubali. Na mkataba usomwe kabla ya kusainiwa, hasa vipengele vya sare, kwa dada anayevaa hijabu. Ni rahisi mno kuzungumza siku ya kwanza kuliko mwezi wa nne, baada ya maneno kupita.

Sasa nimefika kwa akina dada, na hapa sitaki kupita haraka. Mtandao ukijengwa kwa kuanzia kwenye safu za msikiti, na nimeanza hivyo mwenyewe katika sura hii, unawaacha nje tangu siku ya kwanza. Misikiti yetu mingi ina sehemu finyu ya wanawake au haina kabisa, na muuguzi aliye zamu Amana au Temeke haji Ijumaa. Matokeo yake ni vikao vya wanaume kumi na tano wanaojadili "masuala ya akina mama" bila mama hata mmoja. Lakini tazama ni nani wanaoshika kazi za uuguzi, ualimu, maabara, uhasibu wa halmashauri. Ukiwakosa hao umeikosa sehemu kubwa ya ujuzi wa umma wetu.

Dawa yake ni ya vitendo. Kikao kifanyike kwenye darasa la shule au ukumbi wa zahanati, Jumamosi baada ya alasiri, kiishe kabla ya magharibi ili mtu mwenye watoto afike kwake mapema. Watoto waruhusiwe kuja, na pawe na mtu wa kuwaangalia. Wanawake washike nafasi za kamati zenye kazi, uweka hazina na utunzaji wa daftari, si kupanga chakula tu. Na mambo yao yaingie kwenye ajenda kwa majina yake. Sheria inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kwa mapacha, na baada ya kurudi mama ana haki ya muda wa hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Kuna dada anayeacha kazi mwezi wa tano baada ya kujifungua kwa kuwa hakuambiwa hilo. Angekuwa na namba ya mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo, huenda angebaki kazini. Mumewe naye angefaidika kumsikia mwanamume mwenzake akieleza jinsi walivyogawana kazi za nyumbani miezi ile.

Wapo watakaosema kwamba mtandao wa namna hii ni mlango wa kupendeleana. Hofu hiyo ni ya haki na ijibiwe kwa kanuni, si kwa viapo. Mwanachama anayekaa kwenye jopo la usaili asimjadili mwombaji na yeyote, na akimfahamu mwombaji, aseme hivyo mbele ya jopo na ajitoe. Kumfundisha kijana kuandika barua nzuri ni halali. Kumwibia maswali ni khiana, hata akiwa mtoto wa imamu. Ofisi zetu zina watu wa dini zote, nasi tumesoma nao, tumepanga nyumba moja nao, tumezikana. Muislamu aliyeingia kazini kwa mlango wa nyuma anawaharibia mia wanaokuja nyuma yake kwa stahili yao. Na jirani Mkristo akija kuuliza namna ya kusajili biashara, mwenye ujuzi huo amweleze kama anavyomweleza mwingine yeyote, maana jirani ana haki yake katika dini yetu bila kuulizwa anasali wapi.

Usajili usiwasumbue mapema. Ukifika wakati wa kumiliki mali, kupokea michango ya watu wa nje au kukodi ofisi, kuna Msajili wa Vyama Wizara ya Mambo ya Ndani, na kuna RITA kwa anayetaka bodi ya wadhamini. Kabla ya hapo, kurasa mbili za makubaliano zilizosainiwa na wote zinatosha. Nimeona nguvu nyingi zikitumika kuandika katiba yenye wenyeviti, makamu na wakurugenzi, kisha ikakosekana nguvu ya kumtafuta kijana mmoja aliyekata tamaa Buza.

Limebaki suala la uhamisho. Mtumishi wa umma hupangiwa kituo, na ajira mpya za walimu na wauguzi humpeleka mtu asikokuwa na jamaa. Kijana wa Tanga anaambiwa aripoti Namtumbo ndani ya siku chache. Mtandao wa mtaa mmoja hauwezi kuwa na mtu kila wilaya, lakini kila mwanachama ana shule aliyosoma, chuo alichopita, kituo alichowahi kufanyia kazi. Ziongezwe safu mbili kwenye daftari: wilaya ninazozifahamu, na mtu ninayemwamini huko ambaye amekubali kutajwa. Kijana akiondoka stendi ya Magufuli awe na namba ya mtu wa Songea wa kumpokea, amwonyeshe chumba cha bei ya haki, msikiti wa Ijumaa, na ofisi ya afisa utumishi ilipo. Naye akishazoea, baada ya mwaka mmoja, jina lake liandikwe kwenye safu hiyo kwa Namtumbo, kwa ajili ya atakayepangiwa huko baada yake.